Likizo ya Mgongo

Nesi wa kampuni alibisha hodi saa nne asubuhi, na vidonge viko mezani.

Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani, anatia zipu kwenye ovaroli ya mtu. Aliposikia sauti mlangoni, "Hodi wenyewe, ni mimi Sista," mguu wake ukaganda juu ya pedali. Mumewe alikuwa chumba cha ndani, amelala kama gogo, maana aliingia jana yake jioni kutoka safari, hoi bin taabani. Na pale kati ya cherehani na mlango palikuwa na meza, na juu ya meza, kando ya redio, pakiti ya vidonge imetulia bila wasiwasi wowote.

Sasa, mke wa mtu anayeumwa mgongo kuwa na vidonge mezani si kosa. Kosa ni kwamba hivi havikuwa vya mgongo. Vilikuwa vya kujikinga na malaria, na katika mji ule wa juu milimani, ambako watu hulala na blanketi mbili mwaka mzima, hakuna aliyevihitaji ila msafiri wa kwenda bondeni. Na mume wa Mama Pacha, kwa mujibu wa karatasi iliyosainiwa na daktari wa kiwanda, hakusafiri kwenda popote. Alikuwa kitandani siku saba, mgongo umemkamata.

"Karibu Sista, karibu sana!" akaitikia, kwa furaha iliyozidi kipimo. Akavizoa vidonge, akavitia mfukoni mwa aproni, akafungua mlango.

Sista alikuwa mama mnene, mpole, mpenda watu na habari zao. Hakuja kumkamata mtu. Ila macho yake hayakujua kupumzika.

"Nimepita kumjulia hali Spana," alisema. Spana ndilo jina alilopewa mumewe na mafundi wenzake, na hata mishahara ilipogawiwa aliitwa hivyo hivyo. "Kesho anarudi kazini, au tumwongeze siku?"

"Anarudi. Mgongo umeachia sasa. Nimemkanda mpaka mikono yangu imekufa ganzi."

"Maskini! Hebu nimchungulie tu, simwamshi."

Akachungulia. Spana amelala kifudifudi, shuka imeshuka mpaka kiunoni. Shingo na mabega yamepigwa jua yakawa meusi ti, na alama ya singlendi imejichora mgongoni kama aliyepimwa na fundi cherehani.

"Eh! Mgonjwa wa ndani mbona kaungua hivi?"

"Namtoa nje asubuhi aote jua. Ni zuri kwa mifupa."

"Jua gani, mama, na wiki nzima tuko kwenye ukungu?"

"Hilo hilo dogo, Sista. Linalochungulia kidogo na kujificha."

Sista akacheka, akasema mwanamume akipata mke wa namna hii ana haki ya kuumwa, akaaga. Mama Pacha alisimama nyuma ya mlango mpaka hatua zikapotea. Halafu akaenda jikoni, akavitoa vidonge vile kimoja kimoja, ishirini na sita kwa hesabu, akavitumbukiza kwenye makaa. Alijua anachofanya, na alijua pia kwamba hakijui vizuri.

*

Muuza dawa wa stendi alikuwa amemweleza Mama Pacha siku alipovinunua, tena taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya shule. Kimoja siku moja kabla ya kuondoka. Kimoja kila siku akiwa huko. Na kimoja kila siku kwa wiki nne baada ya kurudi. "Hapo mwisho ndipo watu wanapoharibu," alisema. "Mtu akirudi kwenye baridi yake anaona yamekwisha."

"Kwani si mbu amewaacha huko?"

"Mbu amewaacha. Walichomwachia ndicho anachorudi nacho. Kinakaa mwilini, kinasubiri. Ndiyo maana ya wiki nne."

Mumewe alipoamka na kuambiwa vidonge vimekwenda na moto, hakukasirika hata kidogo. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anajikuna kifundo cha mguu.

"Afadhali," alisema. "Vilikuwa vinanichefua. Na Sista angeviona, mke wangu, leo hii tungekuwa tunafunga mizigo."

"Tununue vingine?"

"Vya nini? Huku mbu ataishi wapi? Ataganda kabla hajaniuma."

Safari yenyewe ilikuwa ya kwao Mama Pacha. Baba yake ana mashine ya kukoboa mpunga huko bondeni, na ilikufa katikati ya mavuno, magunia ya watu yamepangwa hadi barabarani. Fundi aliyeijua ile mashine ni mmoja, mkwewe. Spana akaomba ruhusa ya wiki moja. Meneja akasema msimu wa majani ya chai umepamba moto, hakuna likizo, hata kwa msiba labda awe yeye mwenyewe ndiye aliyefariki. Mama Pacha akalia. Alilia siku mbili, na siku ya tatu mgongo wa mumewe ukaanza kuuma.

Jioni ya siku ile aliyokuja Sista, Mama Pacha alifungua begi la mumewe kutoa nguo chafu. Chini kabisa, ndani ya plastiki yake, na karatasi ya maelezo haijakunjuliwa, akakuta chandarua kipya alichomnunulia.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Hiki ni nini?"

Mume akatazama, akatazama pembeni. "Mama yako alikwisha kunitandikia. Ametoa chandarua chake mwenyewe, amekifua, amekitundika, kafunga na utepe. Mkwe wake nimekuja kumtengenezea mashine. Sasa niingie mle chumbani nikakishushe chake nitundike changu? Nimwambie nini? Mama mkwe, chandarua chako kina matundu?"

"Kwani kilikuwa na matundu?"

"Paka anapita."

"Yesu na Maria! Na wewe ukalala humo siku sita?"

"Nililala kwa heshima," alisema Spana, na wote wawili wakacheka, mpaka pacha wakaja mlangoni kuuliza kuna nini. Walikuwa wasichana wa miaka tisa, na walikuwa wamefundishwa kusema baba anaumwa mgongo. Walikwisha kulisema vizuri mno, hata mmoja alikuwa anauigiza.

Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu nayo ilirudi na kifuniko chake hakijafunguliwa. Mashati ya mikono mirefu yalirudi yamepigwa pasi vile vile. Alifanya kazi kwa singlendi kuanzia alasiri hadi giza linaingia, saa zile mbu wanapotoka, kwa sababu joto la kule halina adabu na mashine yenyewe inafuka. "Nijipake mafuta mikononi nishike spana?" aliuliza. "Si itaniponyoka inivunje meno?" Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Mama Pacha akakikunja chandarua, akakificha chini ya kitanda pamoja na gunia la mchele mpya alilotumiwa na baba yake, ambao hakuthubutu kuupika kwa sababu harufu yake ingefika kota ya tano.

*

Zikapita siku kumi na mbili. Spana alikuwa kazini, na mgongo ulikuwa habari ya zamani. Tena huko kiwandani wajanja walikwisha kuujua ukweli, na maradhi yakaanza kuingia kwa zamu: huyu tumbo siku tatu, yule jino siku mbili. Meneja akaamuru kila karatasi ya ugonjwa ipelekwe ofisini kwake aihakiki, na tangazo likabandikwa kwenye ubao: atakayebainika amedanganya ugonjwa atafukuzwa bila malipo na kuondoka kwenye nyumba ya kampuni.

Siku ya kumi na tatu Spana alirudi nyumbani saa sita mchana, amejikumbatia.

"Nasikia baridi," alisema.

Mtu anayehudumia boila, lile tangi la mvuke la kiwanda, kusikia baridi mbele ya moto wake, hilo si jambo la kawaida. Mama Pacha akamgusa shingo, akautoa mkono haraka. Alikuwa anawaka.

Walienda zahanati ya kampuni pamoja. Daktari wa pale hakuwa daktari wa vyeti vikubwa, lakini watu walimwita hivyo naye aliitika, na alikuwa mtu makini. Aliandika kila jibu kwenye fomu kwa mwandiko wa mwalimu.

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi. Kichwa, viungo, na baridi hii."

"Umesafiri popote wiki hizi? Bondeni, mpakani, popote?"

"Mimi?" Spana alicheka kidogo, akakohoa. "Niende wapi, daktari, na mgongo ule?"

Daktari akatikisa kichwa kukubali, kisha akainua macho kwa Mama Pacha. "Na wewe mama, nyumbani hakuna aliyetoka safari? Hakuna mgeni?"

Mguu wa mumewe ukaugusa wa kwake chini ya meza.

"Hakuna," alisema.

"Basi ni mafua haya yanayozunguka. Nusu ya idara ya vikausho wanapiga chafya." Akampa vidonge vya kutuliza homa, akamwambia anywe maji mengi, apumzike siku mbili. Vipimo vya malaria vilikuwa nyuma yake kwenye kabati la kioo, boksi zima. Mama Pacha aliyasoma maandishi ya boksi lile tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho.

*

Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Siku ya pili ilipoteremka kidogo, Mama Pacha alimkalia kando.

"Twende tukaseme."

"Tukaseme nini?"

"Unajua. Si mafua haya. Mafua gani yasiyo na makamasi?"

Spana akamshika kifundo cha mkono. Kiganja kilikuwa kikavu, kinaunguza. "Sikiliza. Umeliona lile tangazo? Nikimwaga unga leo, na nyumba imekwenda. Shule ya hawa watoto ni ya kampuni, imekwenda. Miaka kumi na tisa, Mama Pacha. Nimeingia pale sina hata ndevu. Usiniharibie. Niapie."

"Baba Pacha..."

"Niapie."

Akaapa. Akaenda kwenye cherehani yake, akashona mkono wa ovaroli kinyumenyume, akaufumua, akaushona tena kinyumenyume.

Asubuhi ya siku ya tatu aliingia na uji. Mumewe alikuwa macho, anaitazama dari. "Mzee," akamwambia mkewe, kwa adabu kabisa, "mkanda huu umekwisha. Kalete mwingine, watu wanasubiri na magunia yao." Macho yalikuwa na rangi ya manjano. Pacha mmoja akamsogelea, akamwamkia. Akamtazama kama mtoto wa jirani asiyemfahamu, akamwuliza, "Baba yako yuko wapi?"

Mtoto akatoka nje analia. Mama Pacha aliweka bakuli chini, akachukua kitenge, akaenda stendi karibu anakimbia.

Muuza dawa alimkumbuka. "Za safari?" aliuliza.

"Nataka dawa ya malaria. Ya kutibu."

"Amepimwa?"

"Hajapimwa. Nipe tu, najua ni yenyewe."

"Anatapika?"

"Tangu jana hakai na kitu tumboni."

"Anakufahamu?"

Mama Pacha alifungua mdomo kujibu, na badala ya jibu kikatoka kilio, mchana kweupe, mbele ya wanunuzi wawili. Mwanamume yule akaacha kaunta, akamsogeza pembeni.

"Mama, nisikilize. Ningeweza kukuuzia, nikatia pesa mfukoni. Atavitapika. Mtu aliyefika hapo hatibiwi kwa vidonge, anatibiwa kwa sindano, hospitali kubwa. Na iwe leo. Sijasema kesho."

"Alikuwa anavimeza vya kinga. Nilivichoma mimi."

"Ulivichoma?"

"Nilivichoma."

Hakumuuliza kwa nini. "Kawaambie alikuwa wapi," alisema. "Daktari hawezi kutafuta asichoambiwa."

*

Zahanati ilikuwa imejaa. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa na bawaba mbovu, haukufunga, na watu waliopanga foleni walikaa kwenye benchi hatua mbili kutoka hapo. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mke wa mpima mizani, jirani yao wa kota ya pili, mwanamke mwenye masikio mazuri. Mama Pacha aliwapita wote.

"Foleni, mwenzetu!" mke wa mpima mizani alisema. "Au sisi tumekuja kupunga upepo?"

Aliingia, akasimama mbele ya meza. Daktari alikuwa anamwandikia mtu.

"Alisafiri," alisema Mama Pacha.

"Nani?"

"Mume wangu. Alikuwa bondeni, kwa wazazi wangu, siku sita. Ana siku kumi na sita tangu arudi. Sasa hanifahamu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, nilikuuliza. Nilikuuliza wewe, kwa kinywa changu."

"Uliniuliza, nikasema uongo."

"Lini alienda?"

Nje kwenye benchi mtoto aliyekuwa anakohoa alizibwa mdomo.

"Ile wiki ya mgongo," alisema.

"Na mgongo?"

"Hakukuwa na mgongo, daktari."

Damu ilimpanda usoni yule bwana. Karatasi ile ilikuwa na saini yake. Alimpima mtu, alimbonyeza hapa na pale, alimhurumia, akamwandikia siku saba badala ya nne kwa sababu alimwona anavumilia. Kumbe alikuwa anachezewa. Mama Pacha akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, kubwa kuliko ile ya kusikilizwa na benchi zima.

Halafu daktari akainuka, akafungua kabati, akachukua boksi.

"Yuko kota?"

"Yuko kota."

"Twende."

Nyuma yao mke wa mpima mizani alisema, si kwa sauti ya chini, "Loo! Yaani anamuuza mumewe mwenyewe?"

Kipimo hakikuchukua hata robo saa. Daktari alimtoboa Spana kidole, akadondosha tone, wakakaa wakikitazama kile kipande cheupe. Mstari mmoja ukatokea, kisha wa pili.

"Gari," alisema daktari.

Gari la kampuni halitoki bila saini ya Meneja, na karatasi ya gari ina mahali pa kuandika sababu. Daktari aliandika "homa kali" akaisukuma mezani kwa Meneja. Meneja hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa karatasi.

"Homa ya nini?"

Daktari alimtazama Mama Pacha, na Mama Pacha akaelewa kwamba anapewa nafasi ya mwisho ya kuficha. Palikuwa na majibu mengi ya kusema.

"Malaria," alisema. "Aliipata bondeni, wiki ile mliyompa ya mgongo."

Meneja akaivuta karatasi. Kisha akasaini. "Gari liende," alisema. "Hayo mengine, baadaye."

*

Alichomwa sindano, akatundikiwa dripu, akalala siku mbili bila kusema neno la maana. Daktari wa wodi alisema wangechelewa mpaka jioni ile, angeletewa maiti. Alisema hivyo hivyo, waziwazi, na Mama Pacha akamshukuru kana kwamba amepewa zawadi.

Siku ya tatu Spana alifungua macho, akaomba maji. Akanywa. Akaitazama dripu, kuta, kitanda cha jirani.

"Hii si zahanati," alisema.

"Si zahanati. Ni hospitali kubwa."

"Nimekuja na nini?"

"Na gari la kampuni."

Akafikiri. Hata katika udhaifu ule, kichwa cha fundi kilikuwa kinapanga vitu: gari, saini, sababu.

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

"Uliniapia."

"Niliapa. Nimevunja."

Akageuza uso ukutani. Muuguzi alipokuja kumpima alitoa mkono bila kugeuka. Tangu hapo hakumsemesha mkewe, si wodini, si kwenye gari la kurudi, si walipofika na kukuta bahasha imechomekwa chini ya mlango. Siku kumi na nne kuondoka kwenye nyumba. Barua yenyewe ilimtakia afya njema.

Basi wakaishi humo ndani kimya kimya. Alichotaka alikisema kwa pacha: mwambieni mama yenu sabuni imekwisha, mwambieni mama yenu asifunge begi la spana. Mama Pacha alivumilia siku ya kwanza, akavumilia ya tano. Siku ya saba akalipuka.

"Unaninunia! Nilikosa nini? Sema! Ulitaka nikuache ufe?"

Akamjibu, mara moja hiyo tu, akiangalia ndoo. "Ningekufa nina kazi. Mngelipwa. Jeneza lingekuwa la kampuni."

"Ehe! Jeneza la kampuni! Na saini ya Meneja juu ya kifuniko! Ningewaambia nini hawa watoto, kwamba baba yao kafa na rekodi safi?"

Spana alichukua ndoo, akaenda bombani.

Na huko nje mambo hayakuwa mazuri zaidi. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Karatasi zote za ugonjwa za mwezi ule zilikuwa zinahakikiwa upya, na kila mwenye tumbo na jino alilala na wasiwasi, na kosa lote likawa la Mama Pacha na mdomo wake. Bombani walimpisha, kwa ule upole ambao ni matusi. Mke wa mpima mizani alimwuliza mwenzake, Mama Pacha akiwa hapo hapo, kama kuna dawa ya mke mchongezi.

Mahali pa kwenda palikuwa pamoja tu, bondeni, kwa baba yake, kwenye mashine na mbu. Watoto waliozaliwa katika baridi ile, ambao hawajaumwa na mbu hata mmoja, wangelala huko kuanzia sasa. Mama Pacha alinunua kitambaa cha chandarua jora zima, akaanza kushona vya vitanda vyote, na vya baba na mama yake pia, virefu vya kuchomeka chini ya godoro. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba ataingia kwa mama yake na kushusha matambara yale kwa mkono wake, na mama akinuna, anune. Alishona huku machozi yanamdondoka, akiyafuta kwa bega ili yasiloweshe kitambaa.

*

Siku moja kabla ya kuhama, asubuhi, mizigo imekwisha kufungwa, mtu alibisha mlango. Hakupiga hodi, alibisha tu kwa vidole, kama hataki kusikika.

Alikuwa mke wa mpima mizani. Amejifunika khanga mpaka kichwani.

"Mama Pacha," alisema, na macho yake hayakupanda juu. "Nina neno. Vile vidonge vyenu... vilibaki?"

"Vipi?"

"Baba watoto ana homa. Leo siku ya pili. Asubuhi katapika mpaka nyongo."

Mama Pacha akaacha cherehani aliyokuwa anaifunga kamba. "Alienda wapi?"

"Hakwenda popote."

"Dada."

Mwanamke akaanza kulia. "Bondeni. Siku tatu tu, zile za tumbo. Kaka yake alikuwa anaoa. Tukasema siku tatu ni nini, hata mbu hawatapata nafasi ya kumzoea. Nisaidie dawa, nimpe kimya kimya. Nakuomba. Ukikataa nitaelewa, najua nimekusema sana."

"Vidonge sina. Na hata ningekuwa navyo, vile ni vya kinga, havimfai sasa. Mpeleke zahanati apimwe."

"Nikampeleke nikaseme nini? Daktari siku hizi hasaini kitu bila kumpelekea Meneja. Atamwaga unga!"

Mama Pacha alijua la kumwambia, alilijua kuliko mtu yeyote pale kota, lakini angelisemaje, na mumewe anamsikia kutoka chumba cha pili, amekaa juu ya begi lake la spana, hana kazi, hana nyumba, hana neno kwa mkewe tangu wodini ila lile moja la jeneza?

Chumbani kukasikika begi likisogezwa. Spana akatokea mlangoni. Alikuwa amekonda, mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya. Akamtazama yule mwanamke.

"Anakufahamu?" aliuliza.

"Ananifahamu. Ila anasema maneno mengi."

"Mpeleke sasa hivi. Na useme alikuwa wapi, na siku alizokaa."

"Shemeji, wewe unaona walivyokufanya. Atamwaga unga."

"Amwage," alisema Spana.

Akainama kutafuta viatu vyake katikati ya mabunda, akapata kimoja, akakaa chini kukivaa. Kamba zilimshinda kidogo, vidole bado havikuwa na nguvu. Akakiona cha pili chini ya jora la chandarua, akakivuta.

"Mama Pacha," akasema bila kuinua kichwa, "njoo unisaidie kumbeba. Peke yangu siwezi."